Miwani pekee haitoshi kwa mtoto mwenye ualbino

KITUO cha Kabanga, wilayani Kasulu, kilifahamika nchini kote mwishoni mwa miaka ya 2000, kilipoanza kuwahifadhi watoto wenye ualbino waliokimbia mauaji na ukatwaji wa viungo. Hofu kama hiyo ilikuwapo pia ng'ambo ya mpaka wa Kibondo, katika mkoa wa Ruyigi nchini Burundi. Magazeti yaliandika sana juu ya usalama wao, kama ilivyostahili. Yaliandika kidogo mno juu ya macho yao.

Mtoto mwenye ualbino huwa na uoni hafifu. Macho hucheza bila hiari, mwanga mkali humsumbua, na maandishi ya ubaoni huyaona kwa shida. Wapo wanaomdhania mvivu au mzito wa kuelewa. Wengine huamini kwamba akinunuliwa miwani tatizo litakwisha. Haliishi, kwa kuwa chanzo chake kiko katika namna jicho lilivyojengwa tumboni mwa mama.

Jicho la binadamu huanza kuumbika wiki ya nne ya mimba. Sehemu yake ya nyuma hukunjika na kuwa na matabaka mawili: la ndani huwa retina, inayopokea mwanga, na la nje huwa utando mweusi wenye melanini. Wasimamizi wa kazi hiyo ni protini zinazowasha na kuzima jeni. Mashuhuri zaidi hutokana na jeni ya PAX6. Mwaka 1995 maabara ya Walter Gehring mjini Basel, Uswisi, iliitumia jeni hiyo ya panya kuotesha macho ya nzi kwenye miguu na mabawa ya nzi wadogo wa matunda.

Hata hivyo, PAX6 haifanyi kazi peke yake. Katika tabaka la nje hushirikiana na protini MITF na OTX2 kuwasha jeni za kutengeneza melanini. Katika tabaka la ndani, protini nyingine, VSX2, huizuia MITF, na seli zilizokuwa na asili moja huwa retina. Panya waliokosa MITF huonyesha umuhimu wa mgawanyo huo, kwani sehemu ya utando wao mweusi hugeuka kuwa retina.

MITF ina kazi nyingine inayowahusu moja kwa moja watoto wa Kabanga. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walieleza kuwa katika seli za rangi, MITF pamoja na LEF1 na HLTF hushika kipande cha DNA kilicho mbali na jeni ya OCA2, kipande hicho kikajikunja hadi kuifikia jeni hiyo na kuiwasha. Ualbino ulio wa kawaida zaidi Tanzania hutokana na hitilafu ya OCA2. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa Watanzania wengi waliopimwa walikuwa na jeni iliyopungukiwa kipande kile kile cha herufi zipatazo 2,700, upungufu uliokutwa pia Afrika Kusini. Mtoto huurithi kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe huwa na rangi ya kawaida. Kumlaumu mama peke yake, kama ilivyozoeleka, hakuna msingi wowote.

Kwa maneno mengine, swichi inabonyezwa lakini taa imeungua. Melanini inapopungua, fovea, yaani kitovu cha retina chenye kuona vitu vidogo, haikamiliki. Aidha, nyuzi za neva ya jicho, ambazo kwa kawaida karibu nusu yake huvukia upande wa pili wa ubongo, huvuka nyingi kupita kiasi. Miwani hurekebisha namna mwanga unavyokusanywa, jambo ambalo wengi wao wanalihitaji, lakini haiwezi kuijenga fovea.

Yapo ya kufanya. Dawati la mbele mbali na mwanga wa dirisha, lenzi ya kukuzia maandishi na kofia pana humsaidia sana mwanafunzi, hasa katika nyanda za juu kama Kasulu na Kibondo ambako miale ya jua ni mikali. Baraza la Mitihani la Tanzania nalo huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, ila mwalimu anayemdhania mtoto mvivu hawezi kukumbuka kumwombea.