Mlinganyo wa Kidato cha Tatu Uliovuka Zambezi

Kisii na Nyamira, mwanafunzi wa kidato cha tatu huchora grafu ya mlinganyo wa kipeo cha pili, akasahihishiwa, akafunga daftari. Anaweza kupita soko la Daraja Mbili siku ya soko, kati ya mikungu ya ndizi na magunia ya parachichi, asijue kwamba mchoro ule, ukiwa tao la daraja, umewahi kubeba treni.

Matao yalijengwa karne nyingi kwa jicho na uzoefu. Mwaka 1675 Mwingereza Robert Hooke alitangaza kwamba amepata umbo sahihi la tao, lakini akaficha jibu kwa kuchanganya herufi za sentensi ya Kilatini. Lilifumbuliwa mwaka 1705, naye alikuwa ameshafariki: ning'iniza mnyororo, kisha ugeuze umbo lake juu chini. Kinachovutwa kwenye mnyororo husukumwa kwenye tao, na jiwe hustahimili msukumo kuliko mvuto.

Mnyororo unaobeba uzito wake peke yake hufuata mkunjo uitwao katenari, kama wanahisabati Huygens, Leibniz na Johann Bernoulli walivyoonyesha mwaka 1691. Ukibeba mzigo uliotandazwa sawasawa, mfano wa njia ya reli, mkunjo huwa parabola, umbo lile lile la grafu ya kidato cha tatu. Mzigo ndio unaoamua mlinganyo.

Reli ya Uganda ilivuka mabonde ya Mau kwa madaraja 27 ya nguzo za chuma. Lakini kwenye Maporomoko ya Victoria, mto Zambezi, korongo lilikuwa na kina kirefu mno kwa nguzo kama hizo, hivyo mhandisi George Hobson akachagua tao la parabola, upana futi 500, kimo futi 90. Ukipima x kutoka katikati na kimo y kutoka miguuni mwa tao, mlinganyo ni y = 90 − 0.00144x². Weka x = 125, yaani nusu ya njia kuelekea ukingoni: tao limeshuka futi 22.5 tu, robo ya kimo chake. Natamani kila mwalimu wa hisabati huku kwetu aandike namba hizo ubaoni kabla ya kutaja mtihani.

Jioni ya Machi 31, 1905, nusu mbili za tao zilikutana zikapishana kwa takriban inchi moja na robo, kwa kuwa jua lilikuwa limetanua chuma. Usiku kikapoa na kusinyaa. Asubuhi ya Aprili 1 vipande vikaingia mahali pake. Septemba 12 daraja likafunguliwa na George Darwin, profesa wa Cambridge aliyebobea katika hesabu za kupwa na kujaa kwa bahari. Treni na malori bado yanapita juu yake.