Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Istilahi za Uundaji wa Tovuti na Mafunzo ya Njia ya Tabora

Utangulizi

Mwaka 2017 mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara zilipata tovuti zilizojengwa juu ya kiunzi kimoja, kwa ushirikiano wa Ofisi ya Rais – TAMISEMI na Wakala wa Serikali Mtandao. Mkoa wa Tabora na halmashauri zake zilikuwamo. Mwananchi wa Sikonge au Urambo afunguapo ukurasa hukuta maneno aliyoyazoea: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Utawala, Huduma Zetu, Machapisho. Kwa upande wa msomaji, Kiswahili kimejitosheleza. Lakini kwa upande wa fundi na mteja wake, katika hatua iliyo baina ya kukubaliwa kwa mchoro na kuzinduliwa kwa tovuti, lugha yetu ingali yayumba. Makala haya yanakusudia kuitazama hatua hiyo, na kuuliza ni mafunzo gani tunayoweza kuyapata katika historia ya njia ya misafara iliyopita Tabora.

Maneno ya njia

Katika karne ya 19 njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa na istilahi zake kamili. Aliyebeba mzigo begani aliitwa mpagazi. Aliyetangulia na bendera, kirangozi. Chakula cha siku, posho. Ushuru uliotozwa na watawala wa Ugogo, hongo. Hakuna baraza lililokaa kuyachagua maneno hayo. Yalitokana na kazi yenyewe, Wanyamwezi na watu wa pwani wakipeana maneno kama walivyopeana bidhaa.

Mambo matatu yafaa kuzingatiwa. Kwanza, kitu kigeni kilikuja na jina lake: nguo ya pamba iliyotoka Marekani iliitwa merikani, na hakuna aliyeona haya. Pili, kazi ilipewa jina na wale walioifanya. Tatu, neno halikusimama mahali pamoja. Posho, iliyokuwa kibaba cha nafaka, leo ni fedha ya kikao au ya safari. Hongo, iliyokuwa malipo ya wazi kwa mwenye nchi, leo ni rushwa. Mfasiri wa maandiko ya kale asiyelijua hilo atawafanya watawala wa Ugogo kuwa wala rushwa.

Aidha, Tabora yenyewe ilikuwa hatua, wala si mwisho wa safari. Burton na Speke walifika huko Novemba 1857, wapagazi waliotoka nao pwani wakatawanyika kwenda makwao, nao wakakaa zaidi ya mwezi kabla ya kuendelea kuelekea ziwani. Mizigo ilifunguliwa, ikafungwa upya, wapagazi wengine wakaajiriwa. Mwenye mali aliyedhani kwamba kufika Tabora ni kufika Ujiji angalipata hasara.

Hatua yenyewe

Kazi ya tovuti nayo ina Tabora yake. Baada ya mteja kuuridhia mchoro, fundi huandika msimbo, hutengeneza violezo vya kurasa, huunganisha kanzidata, huweka viungo, kisha huingiza matini na picha ambazo mteja hana budi kuzileta. Yote hayo hufanyika kwenye seva ya majaribio, mahali ambapo umma haufiki. Mteja akionyeshwa kurasa zenye rangi na nembo yake aweza kudhani kazi imekwisha, kumbe kurasa hizo ni tupu na viungo havijajaribiwa.

Tuiiteje hatua hiyo? Wako wanaoandika “maendeleo ya tovuti”. Hilo ni kosa la kufasiri neno badala ya maana. Tangu Uhuru, “maendeleo” ni hali ya watu kusonga mbele: twasema maendeleo ya jamii, mipango ya maendeleo. Mtumishi akisoma katika mkataba kwamba nusu ya fedha italipwa “baada ya maendeleo ya tovuti”, ataelewa kuwa tovuti ipo tayari na imekwisha kuboreshwa. Hapo ndipo fedha ya halmashauri hutoka kabla ya wakati, na ugomvi ukizuka kila upande hushika maana yake.

Wengine hutumia “usanidi”. Katika tafsiri za programu za simu, msanidi ni mtu atengenezaye programu, na papo hapo kusanidi ni kupanga mipangilio ya simu. Zaidi ya hayo, neno hilo latofautiana na “usanifu” kwa herufi mbili tu. Katika mkataba wenye vifungu vya usanifu na vya usanidi, kosa dogo la chapa laweza kubadili tarehe ya malipo.

Pendekezo

Neno lifaalo tunalo: uundaji. Kuunda ni kazi ya mafundi wa vyombo vya pwani, waunganishao mbao mpaka chombo kikaelea. Na wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Hivyo hatua zaweza kutajwa kwa mfuatano huu: usanifu, uundaji, uingizaji wa matini, majaribio, makabidhiano, uzinduzi, matunzo. Kila neno lielezwe ndani ya mkataba, na kila malipo yafungamanishwe na kitu kinachoonekana: violezo kadhaa, viungo vilivyojaribiwa, maofisa waliofunzwa kuingiza habari wenyewe. Seva na programu zibaki na majina yake, kama ilivyobaki merikani.

Hitimisho

Tovuti za halmashauri zitahitaji kuundwa upya mara kwa mara, na kila mara mkataba utaandikwa. Inawapasa wafasiri na walimu kwenda kwa mafundi wenyewe, kusikiliza wanavyosema kazini, na kuyakusanya maneno hayo kabla hayajapotoka. Mtumishi atiaye sahihi kwa niaba ya wananchi anastahili kujua, kwa lugha yake, kama msafara umefika Ujiji au ungali Tabora.