Sola ya Nyumbani: Hesabu ya Friza ya Dadangu wa Msambweni

Mwezi uliopita dadangu mkubwa anayekaa Msambweni alinipigia simu baada ya Isha. Stima ilikuwa imepotea tangu adhuhuri, na ndani ya friza yake mlikuwa na changu na tafi wa shilingi 9,000. Ilikuwa mara ya pili katika mwaka mmoja. "Ndugu yangu," akaniambia, "kuna fundi amenipa bei ya sola, 185,000. Nitoe zile pesa za chama, nisitoe?"

Sikumjibu papo hapo. Katika familia yetu sola ina historia. Kaketu alipostaafu alitia sehemu ya kiinua mgongo chake kwenye paneli nne na betri nne, nyumbani kwake Diani. Miezi 14 baadaye betri zote zilikuwa zimekufa, na duka lililomuuzia lilikuwa limehama. Paneli zingali juu ya paa, nzima kabisa, haziwashi hata taa moja.

Kilichomponza ni betri. Zile za asidi, za kutiwa maji na hata zile za jeli, hazitaki kunyonywa zaidi ya nusu. Ukiwasha feni na televisheni usiku kucha hadi inveta ipige kelele, kila usiku wa namna hiyo unakula maisha yake. Joto letu la pwani ndilo linalomalizia. Betri za lithiamu huvumilia kunyonywa zaidi na hukaa miaka mingi, lakini bei yake ndiyo hiyo tunayoijua. Katika bei aliyopewa dadangu, betri peke yake ilikuwa 70,000.

Basi tukakaa na kalamu. Kwake tokeni ya 1,000 humpa uniti 35 hivi, maana yake kila uniti ni kama shilingi 28 ukishajumlisha gharama ya mafuta, ushuru na mengineyo. Nyumba na friza hula uniti 110 kwa mwezi. Fundi alisema mtambo ule ungemwokolea uniti 80, yaani shilingi 2,240. Gawanya 185,000 kwa hiyo, unapata karibu miaka saba kabla pesa kurudi. Ikifika miaka kumi betri itataka mwenzake. Faida ipo, lakini ni nyembamba kama chapati ya maji.

Hapa watu wengi huongeza hasara ya blakauti ili hesabu ipendeze. Wanayo haki. Nchi nzima iliingia gizani tarehe 25 Agosti 2023, na Desemba mwaka huo huo ikaingia tena, mbali na zile za kwetu za kila mvua na upepo. Samaki wa 18,000 kwa mwaka si kitu kidogo kwa mjane. Lakini nilimuuliza swali moja: siku hizo mbili, friza ilikuwa imejaa? Haikujaa. Na wateja walikuwa wakifungua kutazama samaki. Friza iliyojaa vitu vilivyoganda, isipofunguliwa, hushika baridi siku nzima na zaidi. Iliyo nusu tupu na inayofunguliwa kila saa haifiki hata jioni. Nikamwambia ajaze nafasi zote chupa za maji, zigande. Hilo halimgharimu hata shilingi, na lingemwokolea samaki wake mara zote mbili.

Ndipo likanijia jambo lililobadilisha hesabu nzima. Chupa zilizoganda ni betri. Baridi ya mchana unaweza kuiweka ndani ya barafu na kuitumia usiku, bila lithiamu wala asidi. Friza yake hula kama uniti moja na nusu kwa siku. Ikifanya kazi mchana kutwa kwa jua, kisha saa ya kuzimia ikaikata usiku, asubuhi samaki bado ni jiwe. Ongeza feni ya mchana, mashine ya kusagia juisi anayouza, simu na televisheni: uniti 2.3 kwa siku, karibu 70 kwa mwezi. Taa na feni za usiku zibaki kwa Kenya Power.

Bila betri bei inashuka hadi 115,000. Anaokoa shilingi 1,960 kwa mwezi. Pesa inarudi kwa miaka mitano kasoro kidogo, na hakuna kitu ndani ya nyumba kinachongoja kufa. Sharti ni moja: inveta iwe ya aina inayofanya kazi bila betri hata stima ikipotea. Nyingine huzima palepale stima inapopotea, jua likiwa utosini. Iwe pia na nguvu ya kubeba friza inapoanza kuunguruma, kwa maana mota ikishtuka huvuta mara kadhaa ya inavyokula ikishatulia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama sola inalipa, mimi humuuliza anatumia stima saa ngapi. Mwenye pampu ya kisima pale Gazi, anayejaza tangi mchana, asisite. Maji kwenye tangi ni kama barafu kwenye friza. Mwenye nyumba ya wageni Diani yenye viyoyozi vya mchana, vilevile. Lakini mpangaji wa Ukunda anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi yuko kwenye bei ya chini kabisa ya stima. Akinunua mtambo kwa kutaka kuokoa tokeni, anajidanganya. Anunue taa ya kuchaji.

Ndani huko Kinango, au vijiji vya Lunga Lunga ambako nguzo hazijafika, hesabu ni nyingine kabisa. Huko sola inashindana na mafuta ya taa na pesa za kuchajisha simu dukani, na kijisanduku cha taa tatu hujilipa upesi. Kwale ni miongoni mwa kaunti 14 zilizowekwa katika mradi wa serikali wa KOSAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kampuni za lipa kidogo kidogo kwa simu nazo zipo tangu M-KOPA ilipoanza mwaka 2012. Jumlisha tu malipo yote kabla ya kutia sahihi, ulinganishe na bei ya taslimu. Na sisi tunaokimbia riba, tuulize murabaha kwenye benki za Kiislamu, au tungoje zamu ya chama kama dadangu.

Wengine wanauliza kuhusu kumrudishia Kenya Power stima inayozidi. Sheria ya Kawi ya 2019 iliruhusu, kanuni zake zikatoka 2024, lakini unahesabiwa nusu tu ya uniti ulizorudisha, na hupewi pesa mkononi. Usijenge mtambo mkubwa kwa tamaa hiyo.

Kuhusu fundi, mwambie akuonyeshe leseni ya EPRA. Asipokuwa nayo, muage kwa heshima. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chumvi ya bahari haina huruma. Paneli zilale kidogo kuelekea kaskazini, mvua izioshe. Juu ya makuti haziwekwi. Na katika masika, hasa Mei, tarajia mavuno madogo. Ndiyo maana sikumshauri mtu yeyote mwenye stima akate laini.

Jumamosi nilikwenda Msambweni kutazama paa. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mnazi mmoja ambao kivuli chake hupita juu ya mabati kuanzia saa nane. Kivuli cha kuti moja tu kikiangukia paneli hushusha mavuno ya zote zilizoungwa pamoja, achilia mbali nazi ikidondoka. Fundi akasema ukatwe. Dadangu akakataa katakata. Mnazi ule ulipandwa na marehemu baba. Tumekubaliana paneli ziende juu ya paa la jiko, upande wa pili, na waya urefushwe mita nane. Fundi ameongeza 4,000. Hesabu imesogea miezi miwili.