Majina Ukutani Tervuren

Ziara yangu ya Ubelgiji niliianzia Brussels, katika Kasri la Kifalme, ambalo hufunguliwa kwa umma wakati wa kiangazi. Ni katika kasri hilo, Septemba 1876, ambapo Mfalme Leopold II aliwakusanya wanajiografia na wavumbuzi wa Ulaya, akaunda Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika kwa maneno matamu ya sayansi na ukomeshaji wa biashara ya utumwa. Miaka mitatu baadaye jumuiya hiyo ilikuwa na kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Mizigo yake ilitoka Bagamoyo mabegani mwa wapagazi.

Kutoka huko nilipanda tramu hadi Tervuren, kwenye jumba la makumbusho ya Afrika lililofunguliwa mwaka 1910. Jengo lenyewe ni fahari ya kifalme, na lilijengwa kwa faida iliyovunwa Kongo. Katika ukumbi mmoja, ukutani, yamechongwa majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908. Wakongo walioangamia katika utawala huo, kwa shokoa ya mpira, njaa na maradhi, ukuta haumtaji hata mmoja.

Mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji kwa ajili ya maonyesho. Hapo Tervuren walitengenezewa vijiji vya bandia ili watazamwe. Saba walifariki: Ekia, Gemba, Kitoukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la mji huo.

Jumba lilipofunguliwa upya mwaka 2018 baada ya ukarabati, msanii Mkongo Freddy Tsimba aliyaweka majina ya hao saba kwenye vioo vya madirisha yanayotazamana na ukuta ule. Jua likiwaka, vivuli vyake huangukia majina ya Wabelgiji. Siku niliyofika mawingu yalitanda. Sikuona kivuli chochote.

Nilitoka nikiwaza kwamba heshima ya marehemu haipaswi kungoja jua. Lakini lawama hiyo inatugeukia na sisi. Wabelgiji wamewaandika watu wao, hata waliokuja kutupora. Je, sisi tunaosoma, tunaofundisha na tunaotunza nyaraka za umma, tunaweza kumtaja kwa jina mpagazi mmoja tu aliyebeba mzigo kutoka Bagamoyo hadi Karema?