Kikundi, chama au NGO? Cheti kinachofaa Mbeya na Iringa

Fedha za kikundi zikikaa kwenye simu ya mweka hazina, mbele ya sheria zinaonekana ni za mweka hazina. Akifariki, ndugu wanazikuta kwenye mirathi. Akigombana na wenzake, kikundi hakina jina la kusimama nalo mahakamani.

Ndiyo maana watu walioanza kwa kuchangishana, iwe ni kusaidia yatima Uyole jijini Mbeya au wazee Kihesa mjini Iringa, siku moja hujikuta wanatafuta cheti. Shida ni kwamba vyeti viko vingi, kila kimoja na ofisi yake, na anayekosea mwanzoni hulazimika kuanza upya.

Nani anafaidika?

Kabla ya kuandika katiba, waanzilishi wajibu swali hilo kwanza. Kama wanaofaidika ni wanachama wenyewe, hiyo siyo NGO, hata kama nia ni njema kiasi gani.

Wanaoweka na kukopeshana, yaani VICOBA na wenzao, wako chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kikundi kinatakiwa kuwa na wanachama kati ya 10 na 50, na usajili unafanyika halmashauri. Halmashauri hiyo hiyo ndiyo inayotoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Anayelenga mikopo hiyo anahitaji usajili wa kikundi. Cheti cha NGO hakitamsaidia. Wakulima wa mpunga Mbarali wanaotaka kuuza pamoja nao wana njia yao, ushirika, chini ya sheria ya mwaka 2013.

Halafu kuna chama cha kijamii. Hapa wanaingia watu 10 au zaidi wanaoungana kwa ajili ya ustawi wao: wenyeji wa Kyela wanaoishi Iringa na kuzikana, wanataaluma, taasisi za dini. Msajili wao yuko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Wengi hawajui kwamba usajili huu peke yake haukifanyi chama kuwa mtu kisheria. Kikitaka kumiliki kiwanja kwa jina lake, kinahitaji bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA. Makanisa na misikiti wanalijua hili vizuri. Vyama vya kuzikana mara nyingi hulijua siku ya kununua kiwanja.

NGO ni kwa ajili ya wengine

Kama wanaofaidika ni jamii nje ya wanachama, njia ni Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002. Shirika likisajiliwa linakuwa mtu kisheria: linaweza kushtaki, kushtakiwa, kumiliki mali na kusaini mikataba kwa jina lake. Linaweza pia kufanya shughuli za kuingiza kipato, ila faida haigawanwi.

Zamani wengine walikwepa njia hii kwa kufungua BRELA kampuni isiyo na hisa, ambayo wanachama wanaweka dhamana tu. Mwaka 2019 Bunge lilibadilisha sheria kadhaa kwa mkupuo, na kampuni zilizokuwa zinafanya kazi za NGO zikapewa muda mfupi kuhamia kwa Msajili wa NGO. Anayeshauriwa leo afuate njia hiyo ya zamani amepewa ushauri uliopitwa na wakati.

Mpaka wa mkoa

NGO husajiliwa kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Nyanda za Juu Kusini hapa ndipo watu wanapojikwaa, kwa sababu mikoa imegawanywa lakini mazoea hayajabadilika. Tunduma na Mbozi siyo Mbeya tena, ziko Songwe tangu 2016. Makambako iko Njombe, mkoa uliozaliwa 2012 kutoka Iringa. Shirika lenye cheti cha ngazi ya mkoa wa Mbeya likipeleka mradi Tunduma, limetoka nje ya eneo lake. Wenye mpango wa kuvuka mipaka waombe ngazi ya taifa mapema.

Maombi yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo wa wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Vinavyohitajika ni katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye saini, wasifu na picha za viongozi, pamoja na barua ya utambulisho. Mtu wa kuanzia ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri. Kumwona yeye kwanza kunaokoa nauli ya Dodoma.

Cheti kina umri wa miaka 10, lakini kazi ni ya kila mwaka: ripoti na ada. Shirika linaloshindwa kuleta ripoti linaweza kufutwa. Wanaopata zaidi ya Sh20 milioni wanatakiwa pia kuweka hesabu zao wazi kwa umma.

Kuhusu kodi, cheti cha NGO hakileti msamaha chenyewe. Shirika linahitaji TIN, linakata PAYE kwa wafanyakazi wake, na likitaka kutambuliwa TRA kama taasisi ya hisani linaomba kivyake.

Wapo wasiohitaji cheti kipya kabisa. Neema Crafts ya Iringa, iliyojulikana kwa kuajiri watu wenye ulemavu, ilianza 2003 chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha. Kazi ndogo inaweza kukaa chini ya taasisi iliyokwisha sajiliwa, mradi kuwe na makubaliano ya maandishi yanayosema fedha zinaingia akaunti gani, nani anasaini, na vifaa vitabaki kwa nani siku wakiachana.