Mchekeshaji na Umati Wake

Katika wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, ambazo pamoja na Busega zilifanywa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, mchezaji hupimwa kwa umati. Mavuno yakisha kuingia ghalani, vyama vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, hushindana katika uwanja mmoja na kwa wakati mmoja. Watazamaji huenda watakako, na chama kilichovuta watu wengi zaidi ndicho mshindi. Kwa sababu hiyo manju haridhiki na wimbo peke yake. Huongeza mzaha, sanamu za mti, hata nyoka na fisi, ili aliyekwisha kugeuza kisogo ageuke tena. Kipimo hiki kina haki yake: anayechekesha huwaona wanaocheka, nao humwona yeye.

Kwa kipimo hicho yafaa kuyatazama maisha ya Amri Athumani, aliyejulikana Tanzania nzima kwa jina la King Majuto. Yeye alikuwa mtu wa Tanga, alikozaliwa mwaka 1948. Alianza kuigiza jukwaani mwaka 1958, angali mtoto. Wakati huo, na kwa miaka mingi baadaye, mwigizaji wa vichekesho alilazimika kusimama mbele ya watu, kwani televisheni ya Tanzania Bara haikuanza mpaka mwaka 1994. Jukwaa lilimfundisha jambo lile lile ambalo uwanja wa ngoma humfundisha manju, kwamba hadhira ikichoka huondoka.

Televisheni na kanda za video zilimkuta Majuto akiwa mtu mzima, na hazikumshinda. Aliingia katika sinema na maarifa ya jukwaani, akaigiza mzee mjanja, baba mkali, na mwenye tamaa anayenaswa katika mtego wake mwenyewe. Kisha yakaja matangazo ya biashara, nayo yakautumia uso ule ule uliozoeleka.

Lakini hapo ndipo kipimo kilipobadilika. Kanda huweza kuuzwa Bariadi au Maswa, ilhali mwigizaji wake hajakanyaga huko maishani. Kicheko humfikia mtazamaji, nayo fedha hupita katika mikono mingi kabla ya kumfikia mwigizaji, ikiwa itamfikia. Kinga yake ni mkataba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, lakini sheria haimsomei mtu karatasi anayotia sahihi.

Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, malalamiko juu ya mikataba yake ya matangazo yalifika serikalini. Harrison Mwakyembe, waziri aliyekuwa na dhamana ya sanaa, akaunda kamati ya kuchunguza mikataba ya wasanii. Tarehe 8 Agosti mwaka huo huo Majuto alifariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akazikwa Tanga. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Na kweli, mikataba ilianza kusomwa kwa makini baada ya mwenyewe kulala kitandani.

Manju wa Usukuma hahitaji kamati, kwa kuwa umati wake u mbele ya macho yake. Umati wa mwigizaji wa sinema umetawanyika nchi nzima, na anayeujua hesabu yake ni muuzaji. Asiyeweza kuuona umati wake hapana budi apatiwe mtu mwaminifu wa kumhesabia.