Tarehe ya Mama Mlinzi wa Uhindini

Kabla Dar es Salaam haijawa mji, Mabaniani, wafanyabiashara Wahindu wa Kachi huko Gujarat, India, walikwishaizoea pwani hii. Walishuka na kaskazi kutoka bandari ya Mandvi, na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilishika forodha ya Unguja kwa miongo kadhaa. Wengi waliwaacha wake zao Kachi, lakini mlinzi wa ukoo hawakumwacha. Koo za Kigujarati kila moja ina mama yake wa kimungu, kuldevi. Wakachi wengi humlilia Ashapura, watu wa Saurashtra humwendea Chamunda wa mlima wa Chotila, wengine Khodiyar anayepanda mamba. Ni mama mkali: silaha zake ni kwa adui, rehema yake ni kwa wanawe.

Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, alianza kuujenga mji katika miaka ya 1860. Wajerumani walipohamishia makao yao hapa mwaka 1891, maduka ya Wahindi yalizidi kati ya bandari na eneo ambalo Vita Kuu ya Kwanza ingeliachia jina la Kariakoo. Hapo ndipo Uhindini. Wake walipowafuata waume, ibada ilipata wenyewe. Mahekalu yakasimama Kisutu.

Kilele cha ibada hiyo ni Navaratri, mikesha tisa ya Septemba au Oktoba. Katikati huwekwa garbo, chungu cha udongo chenye matundu, ndani yake taa. Wanawake hukizunguka wakicheza garba, wakiinama na kupiga makofi, na ngoma ikichanganya, duara nalo huenda mbio. Wanamsifu Mama kwa jina la Durga, aliyepigana na Mahishasura, jitu lenye umbo la nyati, akamuua. Mama hutolewa nazi. Kwa Wagujarati wengi ndiyo iliyoshika nafasi ya mnyama wa kuchinjwa.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha, na familia nyingi zikahamia Uingereza na Kanada. Mama akavuka bahari mara ya pili: Leicester, Uingereza, nako garba huchezwa. Waliobaki Dar hawakuacha mikesha yao. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza garba ya Gujarat katika urithi wa binadamu.

Historia ya mji huu hutaja magavana, gati na soko. Huyu mama naye ni wa mji huu, kwa kuwa waliomwomba ni miongoni mwa waliojenga mitaa yake. Vijana wa Kisutu na Upanga, kaeni na bibi zenu, mwandike wanayoyakumbuka wangali hai.